Harufu ya Kufika Jioni

Saa kumi alasiri, katika duka la shangazi, ilikuwa saa ya kunusana. Msicheke, ndivyo walivyoiita wenyewe. Mlango wa mbele unarudishwa nusu, wateja wanaombwa wasubiri kidogo, na kila aliyechanganya manukato siku hiyo anakunja mkono wa blauzi hadi kwenye kiwiko, anampa mwenzake amnuse. Mwenzake, si yeye mwenyewe. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya shangazi na ya pekee, maana mengine yote aliyaita ushauri.

"Pua inaizoea harufu ya mwenyewe," alikuwa akisema. "Ukijinusa utadhani imeisha, kumbe ipo, pua ndiyo imechoka. Mpe mwenzako akwambie."

Duka lenyewe lilikuwa vyumba viwili tu. Mbele kuna kaunta ya vioo, rafu za chupa, na benchi la wateja wasioweza kuamua. Nyuma kuna meza ya kuchanganyia, iliyotandazwa vigae vyeupe, na juu yake mizani ndogo, dropa za kudondoshea, na chupa za kahawia zilizopangwa anavyotaka shangazi na si anavyotaka mtu mwingine. Kwenye meza ile kulikuwa na kiti kimoja. Anayekalia kiti hicho ndiye anayeamua nini kichanganywe na nini kiuzwe. Asiyekikalia anasimama mbele kaunta, anafunga chupa kwenye karatasi na kusema karibu tena. Shangazi alikikalia miaka thelathini, mpaka magoti yakamshinda akaanza kushinda nyumbani na miguu yake juu ya stuli.

Hapo ndipo waliposalia ndugu wawili, watoto wa kaka yake.

Dada mtu wateja walimwita Pua, na hakuchukia. Alikuwa na miaka kumi na saba alipoletwa dukani, na jina alilipata siku alipomwambia bwana mmoja kuwa amebadilisha sabuni, hata kabla bwana yule hajasalimia. Mdogo wake alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, basi mpaka mtu mzima walimwita Kitinda. Huyu alikuja miaka mitatu iliyopita, na Pua ndiye aliyemfundisha kila kitu: namna ya kushika dropa bila kutetemeka, namna ya kunawa kwa sabuni isiyo na harufu, na kwamba kitunguu kibichi mchana ni marufuku. Alimfundisha kwa mapenzi, hilo lazima lisemwe. Taabu ilianza alipogundua kuwa mtoto anashika upesi kuliko yeye alivyoshika.

Kisha kulikuwa na jambo dogo, la kijinga, ambalo Pua asingethubutu kumwambia mtu. Shangazi alimwita Kitinda "mwanangu". Pua alimwita "wewe" tu. Wewe, niletee ile chupa. Wewe, umefunga dirisha? Miaka kumi na minane ya wewe.

Jumapili moja shangazi aliwaita wote wawili nyumbani kwake, akawaambia bila hata kuwakaribisha viti.

"Nataka manukato ya mchana. Ya malimau, machungwa, vitu vya namna hiyo. Yawe yanang'aa. Ya mtu anayekwenda kazini na hataki kumuudhi aliyekaa meza ya pili. Na nataka yafike jioni. Kila mmoja atengeneze yake, ayavae kuanzia kesho. Jumamosi mchana nakuja. Yatakayonipendeza, mwenyewe ndiye atakayekaa kwenye kiti."

Kama hujawahi kufanya kazi hiyo utasema ni rahisi. Si rahisi hata kidogo. Harufu ya limau ni mgeni wa kunywa maji akiwa amesimama. Umegeuka hivi, kaondoka. Ili ikae unahitaji kuitilia mafuta mazito ya utomvu wa mti, ambayo pale dukani waliyaita kishikio. Ukitia machache, harufu inaruka kabla ya saa nne asubuhi. Ukizidisha, kishikio kinalifunika limau lote, na mtu ananukia kabati la nguo za marehemu. Kazi yote iko kwenye idadi ya matone.

Jumatatu alfajiri walichanganya, Pua kwanza, halafu Kitinda. Pua alichukua limau na balungi, akatia kishikio matone manane, akaridhika. Ilikuwa kazi safi ya mtu mzoefu. Kisha Kitinda akaketi. Akachukua chenza, ndimu kidogo, ganda la chungwa chungu, na kishikio matone sita. Alipofungua kizibo Pua alikuwa kaunta anafuta vioo, na harufu ikamfikia huko huko.

Aliipenda. Hilo ndilo lililomuuma. Kabla hajakumbuka kuwa ni ya mpinzani wake, alishaipenda, alishavuta pumzi ya pili. Ilikuwa harufu ya mtu aliyeamka vizuri. Ya kwake ilikuwa nzuri pia, lakini nzuri ya kusifiwa, wakati ile ya mdogo wake ilikuwa ya kutakiwa. Akaendelea kufuta kioo kilekile mpaka Kitinda akamuuliza kina nini.

"Alama ya kidole," akajibu.

Saa nne asubuhi Pua hakusikia tena harufu yake mwenyewe. Alijua sababu. Yeye ndiye aliyemfundisha Kitinda sababu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa siku nzima unasikia ya mwenzako inapita huku na huku na ya kwako kimya, ni kitu kingine. Ya Kitinda ilikwenda stoo, ikarudi, ikainama kuchukua karatasi, ikacheka na mteja. Saa sita ipo. Saa nane ipo.

Saa kumi Kitinda akarudisha mlango nusu, akakunja mkono wa blauzi, akamnyooshea.

"Ninusie, dada. Kweli kweli, usinionee haya."

Pua akainama. Ilikuwepo yote, chenza na ndimu na lile ganda chungu, imetulia kidogo tu. Angeweza kusema ipo. Neno lenyewe fupi. Akafungua mdomo alitoe, likatoka lingine.

"Imekufa."

"Imekufa? Tangu lini?"

"Saa nne ulipopita karibu yangu sikusikia kitu. Nikasema labda ni mimi."

Jamani, wivu haukufundishi kusema uongo tu, unakufundisha na kuutilia chumvi. Kitinda alitazama mkono wake kama mtu aliyeambiwa kuwa mtoto wake kafeli. Halafu, kwa kuwa ndiyo zamu, akamshika dada yake kiwiko, akanusa taratibu, mara mbili.

"Ya kwako ipo, dada. Ipo kabisa, na limau bado linasikika. Usiiguse hata tone."

Na Pua, aliyekuwa ametoka kudanganya dakika moja iliyopita, akamtazama mdogo wake usoni akajiambia: huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anataka nisiongeze, nishindwe. Maana mimi mwenyewe sisikii kitu.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, na hakujua.

Jumanne Kitinda alitia matone tisa. Pua naye, mbele kaunta, alipoona mwenzake kaenda kunawa, akajipenyeza nyuma akaongeza ya kwake mpaka kumi na moja. Saa kumi mkono ukanyooshwa. "Afadhali kidogo," Pua akasema, "lakini haifiki." Kitinda akamnusa yeye. Safari hii alisita.

"Umeongeza?"

"Hapana."

"Naona imekuwa nzito, dada. Ya jana ilikuwa nzuri zaidi."

Si nilisema, Pua akawaza. Anahangaika sasa.

Jumatano matone kumi na mawili kwa Kitinda, kumi na manne kwa Pua. Chumba cha nyuma kilianza kunata. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alisimama kizingitini mkono kiunoni akauliza wanafukiza nini, maana sare za shule anazoshona zimeanza kunukia na wenyewe hawajazivaa. Kitinda alicheka. Pua alicheka pia, kwa kuwa asingecheka angeonekana.

Alhamisi asubuhi akaingia mwalimu, mteja wa siku nyingi, mwanamke wa kununua chupa moja kwa mwaka na kuijua thamani yake. Kitinda alikuwa amejipulizia mabaki ya mwisho ya chupa ya Jumatatu, kulinganisha tu, kabla ya kutia ya siku hiyo. Mwalimu akasimama katikati ya duka.

"Hiyo ni nini? Naitaka hiyo."

Kitinda akang'aa uso. Akafungua mdomo, lakini Pua akamtangulia.

"Hiyo bado, mwalimu. Haijakamilika. Hatuwezi kukuuzia kitu kitakachokufia njiani, utatulaumu."

Mwalimu akaondoka mikono mitupu. Na unajua Kitinda alifanya nini? Alimshukuru. Alisema, "Asante dada, ungeniacha ningejiaibisha." Akarudi nyuma kuchanganya, na Pua akasikia dropa ikigonga mdomo wa chupa, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Alihesabu zote.

Jioni nyumbani, mezani, Kitinda alimweleza mama yao kwamba kazi ni ngumu, na kwamba bila dada angekwishapotea, dada anamnusia kila siku na kumwambia ukweli hata ukiuma. Mama akamtazama mkubwa wake kwa macho ya kuridhika, akamwongezea chakula. Pua aliinamia sahani. Hakulala na njaa lakini, alikula. Roho yake haikuwa imefika huko kwenye toba, ilikuwa inaona taabu tu. Kwa nini hata pale anapodanganywa, wema uwe wake? Yeye ndiye anayevumilia, yeye ndiye anayeshukuru. Mimi ninayetenda sipati hata chuki.

Jumamosi saa sita shangazi akafika, fimbo mkono wa kulia, pochi mkono wa kushoto. Wakamwamkia, akaitikia, akakataa benchi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Alipoketi tu akakunja uso. Akafungua dirisha yeye mwenyewe.

"Wewe," akamwita Pua. "Lete mkono."

Pua alikuwa amefika matone kumi na saba. Shangazi alinusa, akaurudisha mkono.

"Hii ni ya kwenda kwenye sherehe. Limau liko wapi? Nalisikia linapiga kelele kisimani." Akamgeukia mdogo. "Mwanangu, lete wa kwako."

Kitinda alikuwa na kumi na tisa. Shangazi alinusa mara moja tu. Kisha akavuta daftari la vipimo, ambamo kila mmoja aliandika alichochanganya kila siku, akapitisha kidole.

"Jumatatu sita. Hii ya sita ningependa kuinusa. Mtu aliyeandika chenza na chungwa chungu kwa kishikio sita anajua anachofanya. Sasa niambie, mtu huyu alikwenda wapi?"

"Ilikuwa haifiki jioni, shangazi," Kitinda akasema.

"Nani kasema?"

Kitinda akageuza kichwa kumtazama dada yake, kwa kawaida tu, anavyomtazama mtu ambaye atamsaidia kueleza. Na Pua akachelewa kuyakwepesha macho yake. Kosa dogo hilo, la kufumba na kufumbua, lakini walikuwa ndugu, walilala chumba kimoja tangu utotoni. Uso wa Kitinda ulisoma, ukaelewa, ukajifunga. Mkono aliokuwa ameunyoosha aliushusha, akashusha na mkono wa blauzi, akafunga kifungo.

"Nani kasema?" shangazi akarudia.

"Nilijinusa mwenyewe," Kitinda akasema. "Niliona imeisha."

"Mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi. Nilikosea."

Hakuwa akilia. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Shangazi akafunga daftari.

"Amri yangu ni moja tu. Moja. Ningekusamehe matone thelathini, lakini mtu anayejinusa mwenyewe siwezi kumpa meza, atanimalizia duka." Akashusha pumzi. Ilionekana inamuuma. "Basi kiti ni chako wewe. Wewe umezidisha, lakini kuzidisha kunarekebishika."

Basi alilolitaka lilikuwa limetimia. Miaka kumi na minane, na kiti sasa kinamngoja. Pua alichotakiwa kufanya ni kusema asante. Wala hakuna ambaye angejua, maana wa pekee aliyejua alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza.

Na ndilo lililomshinda. Ningependa kukuambia kuwa huruma ilimjia, kwamba alikumbuka siku alipombeba mdogo wake mgongoni. Wapi. Alimtazama Kitinda amesimama pale na blauzi yake iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, aliyepoteza kila kitu na bado akamsitiri, na kijiba cha roho kikampanda kuliko wiki nzima. Ina maana nitakaa kwenye kiti hiki kwa hisani yake? Kila asubuhi nikiketi, nikumbuke kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwema? Harufu nzuri yake, upesi wa kujifunza wake, mwanangu wake, na hili nalo liwe lake?

"Anadanganya," Pua akasema.

Shangazi akageuka.

"Hakujinusa. Nilimnusia mimi. Kila siku saa kumi. Ya Jumatatu ilikuwepo yote, nikamwambia imekufa. Jumanne nikamwambia haifiki. Mpaka jana. Na yeye aliponiambia ya kwangu inatosha sikumwamini, ndiyo maana iko hivyo ilivyo."

Kule kwa fundi, cherehani ilisikika inakwenda, ikasimama, ikaendelea.

"Kwa nini?" shangazi akauliza.

Pua alifikiri kusema hajui. Lakini siku hiyo ulimi wake ulikuwa umeshaanza.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri."

Shangazi alimtazama. Labda alitaka kumfukuza, labda kumpiga fimbo. Mwishowe alishika ukingo wa meza, akainuka kwenye kiti kwa taabu, akakisogeza kwa Kitinda kwa mguu wake mbovu.

"Kaa, mwanangu. Tengeneza ile ya sita." Kisha, bila kumtazama mwingine: "Na wewe uende mbele. Kuna mteja."

Hakukuwa na mteja. Pua alikwenda hivyo hivyo.

Jumatatu Kitinda aliketi mezani. Alimwamkia dada yake asubuhi kwa adabu ileile, akamuuliza kama amelala vizuri, akamwachia nusu ya andazi lake. Hakuna neno baya lililosemwa, si dukani wala nyumbani, na mama yao hakuambiwa chochote. Mwalimu akapita, akauziwa chupa yake, akajipulizia papo hapo. Pua aliifunga kwenye karatasi na kusema karibu tena.

Saa kumi Kitinda akatoka chumba cha nyuma, akarudisha mlango nusu. Pua alikuwa ameshanawa mikono. Alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anangoja, ana neno moja mdomoni tangu saa sita mchana.

"Lete nikunusie," akasema.

Kitinda alisimama, mkono wa blauzi umeshakunjwa.

"Usijali, dada. Pumzika tu."

Akampita akielekea mlangoni, na chenza na ndimu na ganda chungu vikapita naye, vyote, kama ilivyokuwa asubuhi.

"Ipo," Pua akasema nyuma yake. "Kitinda. Ipo yote."

Kitinda akageuka pale kizingitini. "Asante, dada," akasema, na alilisema vizuri tu, bila kisirani. Kisha akatoka, akaenda mlango wa pili, na Pua akamsikia anamwomba fundi cherehani amnusie mkono, amwambie kama bado ipo.